Jiwe la Mzee Jilala

Uzito haunoi ncha. Mmeisikia jana mkutanoni, pale kamati ya kisima iliposema imeshindwa kuchimba na inaomba kuongezewa wajumbe sita. Mama Kabula akasimama, akasema maneno hayo matatu, akaketi. Wazee wakacheka. Ninyi mkatazamana, na leo mmekuja kuniuliza ncha ya nini na uzito wa nani.

Ncha ilikuwa ya plau. Uzito ulikuwa wa watu watatu wenye akili timamu. Nitawaeleza mambo yalivyokwenda, na msinikatize kwa kusema haiwezekani. Iliwezekana, tena kwa misimu miwili mizima.

Hapa Mwasinde, wakati huo, plau ya chuma ilikuwa moja kwa kaya nne zilizochangiana kuinunua baada ya mavuno mazuri ya pamba. Kaya ya kwanza ilikuwa ya Mzee Jilala, ya pili ya Luhende, ya tatu ya Bugumba. Ya nne ilikuwa ya Minza. Mumewe alifariki mwaka uliofuata, akamwachia watoto, shamba, fungu lake katika plau, na maksai wawili, Sajenti na Chapakazi. Kila msimu plau ilizunguka kwa utaratibu uleule. Ilianzia kwa Mzee Jilala kwa kuwa ndiye mkubwa, ikaishia kwa Minza kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria kumweka mahali pengine.

Walikuwa na sheria moja: plau ikiharibika, aitengeneze yule ambaye imeharibikia mikononi mwake. Sheria hiyo iliwekwa ili watu wasiigonge plau kwenye visiki kwa uzembe, na kwa visiki ilifaa. Lakini chuma hakiharibiwi na visiki peke yake. Mbele ya plau kuna ncha, kipande kilichofungwa kwa bolti, ambacho ndicho huingia ardhini kwanza na kuukata udongo ili bawa lililo nyuma yake liugeuze. Ncha huliwa na mchanga kila inapopita, kama soli ya kiatu inavyoliwa na njia. Haifi siku moja mikononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo, kwa sheria ile, haikufa kamwe. Kila mmoja aliiona imepungua, akamaliza shamba lake, akaipeleka plau kwa mwenzake na kunyamaza. Mtu angetamka tu "ncha imekwisha," gharama ingekuwa yake.

Kutengeneza kulikuwa na gharama. Kuboresha kulikuwa na sifa. Basi wakaiboresha.

Plau ilipoanza kuteleza juu ya ardhi badala ya kuingia, Mzee Jilala aliitazama akiwa amesimama nyuma yake, mahali ambapo ncha haionekani, akasema, "Chombo hiki ni chepesi." Akatafuta jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, akalifunga kwa kamba ya katani juu ya mti wa plau. Ikaingia kidogo. Watu wakampongeza, na tangu siku hiyo likaitwa jiwe la Mzee Jilala. Mtu asingeweza tena kulifungua bila kuonekana amemvua mzee kofia mbele za watu.

Jiwe likaongeza mzigo, maksai wawili wakashindwa. Luhende, ambaye alisema kila jambo kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, akatangaza kwamba dawa ni maksai wanne. Akachonga nira ya pili, akaunga mnyororo. Wanne wakavuta kwa nguvu kiasi kwamba penye ugumu plau iliruka, na penye udongo laini, kwa sababu ya lile jiwe, ikazama hadi bawa likafunikwa. Ndipo Bugumba, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na hakuacha mtu asahau, akafunga mbele gurudumu la toroli ili plau isizame. Gurudumu likajaa tope. Akalifungia kipande cha bati cha kulikwangua. Bati likafanya kazi, gurudumu likazunguka, na plau, ikiwa sasa imeinuliwa na gurudumu, haikuingia ardhini kabisa. Mzee Jilala akashauri mtu aikalie.

Aliyeikalia ni Bugumba mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mnene.

Hesabuni wenyewe. Lilikuwepo jiwe la kuishusha, gurudumu la kuizuia isishuke, na mtu wa kuishusha tena. Wageni waliopita njiani walisimama kutazama, na Bugumba aliwapungia mkono.

Kwa Minza halikuwa jambo la kuchekesha. Msimu wa jiwe na maksai wanne, shamba lake lilikwaruzwa tu. Mizizi ya mahindi haikupata pa kushuka, na mvua ilipokatika katikati ya msimu, mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Yeye na watoto walikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hadi ikaisha, kisha wakala kwa ndugu. Mwaka uliofuata alijua kwamba akikosa tena mavuno atamuuza Sajenti. Na mwenye maksai mmoja hana maksai. Jambo la kukera zaidi ni hili: kwa kuwa plau sasa ilihitaji wanne, Sajenti na Chapakazi walikuwa wameivuta katika mashamba yote matatu kabla ya kufika katika shamba la mwenyewe.

Siku ya zamu yake, mvua zilikuwa zimekwisha kuanza na majirani wengine walikuwa wakipanda. Minza alishika mikono ya plau. Wifi yake Holo, dada wa marehemu, aliongoza maksai mbele. Luhende alikuja kwa kuwa wawili kati ya wale wanne walikuwa wake, Bugumba alikuja kukaa, na Mzee Jilala alikuja kusimamia jiwe. Hawakufika hata nusu ya mfuo wa pili. Sajenti alipiga magoti, akalala ubavu ndani ya nira, akatoa povu.

"Mchape," Luhende akasema. "Mvivu huyo."

"Mvivu huyo amekulimia wewe juzi," Holo akamjibu. "Ulimsifu. Ulisema ungekuwa na watoto kama yeye."

Mzee Jilala aliizunguka plau polepole, mikono nyuma. "Tatizo nimeliona," akasema. "Nguvu haitoshi. Waongezwe wawili, wawe sita."

"Wakiwa sita, mzee, itabidi na jiwe liongezwe," Bugumba akasema kutoka juu ya plau. "Sita watairusha hii."

"Jiwe si shida. Ninalo jingine nyumbani."

Minza aliachia mikono ya plau. "Shemeji Bugumba, shuka."

"Nikishuka haitaingia."

"Haijaingia. Shuka!"

Bugumba akashuka, akajipangusa makalio, akiwa na sura ya mtu aliyedharauliwa kazini. Minza na Holo wakamfungua Sajenti kwanza. Kisha wakafungua mnyororo, wakashika plau, mmoja huku na mmoja huku, wakaipindua miguu juu, pamoja na jiwe lake. Minza akaufuta udongo kwa kiganja. Pale palipopaswa kuwa na ncha palikuwa na kitu cha duara kama kisigino, na kichwa cha bolti moja kilikuwa kimelika pamoja nacho.

"Hii ni nini?" akauliza.

Luhende, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alitazama chini.

"Minza, mwanangu," Mzee Jilala akasema kwa upole wa kuonya, "sheria unaijua. Neno likitoka kinywani mwako, ni lako."

"Baba, wewe uliiona lini?"

"Mimi sijasema nimeiona."

"Luhende?"

"Ilinifikia ikiwa hivyo hivyo."

"Shemeji Bugumba?"

"Mimi nilishughulika na gurudumu."

"Na mimi ilinifikia hivyo hivyo mwaka jana," Minza akasema. "Niliiona kwa macho yangu haya. Nikanyamaza kama ninyi, nikavuna mabua. Sote wanne tuliiona, tukaenda kutafuta mawe. Basi mimi nasema: ncha imekwisha. Mmesikia? Imekwisha. Ni yangu."

Nawaambia ukweli, wale watu watatu walipumua kama walioshushwa mzigo kichwani. Luhende alikwenda zake na maksai wake, na alipofika barabarani sauti yake ilikuwa imekwisha kurudi.

Minza aliifungua ncha, akaitia kwenye kikapu pamoja na debe la mtama aliokuwa ameutunza kwa mbegu, akaenda kwa mhunzi. Mhunzi aliigeuza mkononi, akaitazama upande huu na upande huu. "Mama," akamwambia, "mlikuwa mnalima au mnapiga pasi?" Minza hakucheka. Mhunzi akakata kipande cha springi ya lori bovu, akakifua, akakitoboa matundu ya bolti, akakinoa.

Wakati huo Sajenti alikuwa amepumzika na kula. Minza alipofunga ncha mpya hakufunga kitu kingine. Jiwe, gurudumu, bati, nira ya pili, vyote alivipanga pembeni mwa shamba. Akawafunga Sajenti na Chapakazi, wawili tu, na Holo akawaita. Plau iliingia ardhini papo hapo, ikabidi Minza aishikilie isimponyoke. Udongo ukapinduka mweusi, wenye unyevu. Walipofika mwisho wa mfuo na kugeuka, waliwakuta yangeyange wameshuka wakidonoa nyuma yao. Kwa misimu miwili ndege hao hawakufuata plau ile, kwa kuwa plau isiyopindua udongo haifukui funza. Ndege walikuwa wamelijua tatizo kabla ya kamati ile ya jiwe.

Wale watatu walikuja kutazama.

"Bila jiwe?" Mzee Jilala akauliza.

"Bila jiwe, baba. Chukueni mali zenu, nataka kupanda hapo."

Luhende alibeba nira. Bugumba alibeba gurudumu na bati lake. Mzee Jilala alilitazama jiwe, likamtazama. "Hilo liache," akasema. "Litakuja kufaa."

"Kwa kazi gani?"

"Huwezi kujua."

Minza hakupata kulima shamba lote kwa wakati. Upande wa bondeni mvua zilimpita, akapanda viazi. Lakini mahindi ya juu yalisimama, watoto walikula, na Sajenti hakuuzwa.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hata mimi ningedhani hivyo, kama singewajua watu wa Mwasinde.

Msimu uliofuata, Mzee Jilala na Bugumba walikwenda kwa Minza kuichukua plau, kwa kuwa zamu ilianza upya. Minza alikuwa ameketi mlangoni pa ghala ambamo plau ilikuwa. Akawaambia kwamba haitatoka mpaka kaya zote nne zikubali kuipeleka ncha kwa mhunzi kila mwaka kabla ya mvua, kwa mtama wa wote, awe ameiona nani au hakuiona. Walisema ni jambo zito linalohitaji kikao. Minza akasema ana nafasi, yeye halimi wa kwanza. Mzee Jilala akatazama mawingu. Kikao kikafanyika palepale, wamesimama, kikaisha kabla kuku hajapata muda wa kuvuka ua.

Mtama ukatolewa, ncha ikafuliwa, na Mzee Jilala akarudi kuchukua plau. Akaiinua kidogo kwa mkono mmoja, akaipima, akatikisa kichwa.

"Ni nyepesi," akasema. "Lile jiwe langu liko wapi?"

Holo, aliyekuwa akipepeta mtama pembeni, aliuweka ungo chini.

"Linazuia mlango wa banda la kuku," Minza akajibu.

"Nipe. Fikiria mwenyewe, mwanangu. Ncha kali, halafu na jiwe juu yake. Si itaingia mara mbili?"

Holo alisimulia baadaye kwamba alidhani wifi yake atalia, au atalitupa lile jiwe mahali pabaya. Badala yake Minza aliinama, akaipindua plau miguu juu, akaushika mkono wa mzee kwa adabu, akakiweka kidole gumba chake kwenye ncha. Mzee Jilala aliurudisha mkono haraka. Kidole kilikuwa na alama nyekundu.

"Umeibebesha jiwe, baba. Umeibebesha gurudumu, ukaibebesha na Bugumba mzima. Katika mizigo yote hiyo, ni upi ulioifanya ikukate hivyo?" Akaisimamisha plau, akamkabidhi mikono yake. "Uzito haunoi ncha."

Mzee Jilala aliondoka bila jiwe, akinyonya kidole. Bugumba akamfuata nyuma, na kabla hawajapita ua Holo alimsikia akiuliza, "Na gurudumu je, mzee?"

Basi hiyo ndiyo asili yake. Sasa turudi kwenye kisima chenu. Kamati ina wajumbe tisa na sululu moja, na sululu hiyo mimi nimeiona: imekuwa duara kama kisigino. Wajumbe wote tisa wameiona pia. Kesho mtaambiwa mpige kura ili wawe kumi na watano. Kabla hamjainua mikono, mmoja wenu aiokote ile sululu, aiinue juu watu waione, aseme imekwisha, na asiogope kwamba akisema itakuwa yake. Wakimuuliza wajumbe wapya wana ubaya gani, awajibu kama Minza: uzito haunoi ncha.