Kompyuta Mpya ya Mwalimu

Ndugu zangu, palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama asiyeona. Alikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani, inanguruma kama mashine ya kusaga. Lakini ilimsomea! Fundi mmoja aliyewahi kufundishwa naye aliiwekea programu aliyoitunga mwenyewe, ya kusoma maandishi kwa sauti, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Kila asubuhi mama alisikiliza barua zake, magazeti na Neno la Mungu bila kumbembeleza mtu.

Wanakanisa wakamwonea huruma. Wakachangishana, wakamnunulia kompyuta mpya, nyembamba, inang'aa, wakamtilia na Biblia ya Kiswahili humo ndani. Mnatujua, zawadi hatukabidhi kimya kimya. Wakaja kwa vigelegele, wakamvisha khanga, wakamzungusha sebuleni. Na kwa kuwa waliona aibu kuacha kikuukuu kando ya kipya, ile ya zamani wakaibeba siku hiyo hiyo, wakampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ikavunjwavunjwa.

Kesho yake akaja yule fundi na programu yake. Akajaribu mchana kutwa, mwisho akaacha kubonyeza. Mama akaingiwa na hofu.

"Vipi, mwanangu?"

"Inakataa, Mwalimu. Waliotengeneza mashine hii wameifunga humo humo ndani. Inapokea programu za kwao tu."

"Kwani wao hawana ya kusoma?"

"Wanayo. Haijui Kiswahili."

"Basi futa vyao vyote, uweke vyetu."

"Hata hilo wamelifunga. Ufunguo wanao wao."

Mwenyekiti wa mchango alipopita kumjulia hali, mama alikuwa analia. "Mwenyekiti, giza la kwanza alinipa Mungu, nikalizoea. Hili la pili mmenipa ninyi, tena kwa vigelegele. Nani atanisomea sasa?"

Wakapanga zamu ya kwenda kumsomea. Wiki ya kwanza walikwenda. Ya tatu hakwenda mtu.

Sasa mnainamisha vichwa. Mlidhani nasimulia kanisa la nani? Dukani tuliuliza nini sisi? Rangi! Wembamba! Nani kati yetu aliuliza, "Mashine hii itamtii mama, au itamtii aliyeiunda?" Wala hatukuchanga tena. Tulikuwa tumeshatoa, si ndiyo?

Sina habari njema ya kumalizia. Mama yule yuko nyumbani saa hii, na Neno la Mungu limo ndani ya mashine tuliyomnunulia, na hawezi kulisikia. Semeni amina, kama mnaweza.