Kwa Nini Milango ya Zabolotka Hufunguka kwa Ndani

Kabla theluji haijawahi kumfungia mtu nyumbani mwake, milango ya Zabolotka ilifunguka kwa nje. Kijiji hicho cha Urusi kilikuwa vibanda vichache vya magogo kati ya msitu na kinamasi, na ndani mlikuwa mfinyu. Mlango wa kufungukia ndani ungegonga jiko la matofali.

Humo aliishi mjane aitwaye Agrafena. Mlango wake aliuchonga marehemu mumewe, Nikifor, akautia majogoo wawili wanaotazamana. Kila alipotoka, Agrafena aliupitishia kiganja kama anayemsalimu mtu. Jirani yake alikuwa Pelageya, mke kijana mwenye mimba kubwa. Hawakusemeshana tangu mbuzi wa Pelageya alipomaliza kabichi za mjane.

Majira fulani ya baridi, wanaume wakiwa mbali msituni wakikata magogo, theluji ilianguka mfululizo ikaziba madirisha. Ilipokoma asubuhi, Agrafena alichungulia kwenye upenyo uliobaki, akaona bomba la Pelageya halitoi moshi. Katika baridi ile, nyumba isiyo na moto ilikuwa kaburi.

Akausukuma mlango. Haukutikisika, theluji iliukaza kutoka nje. Akaukabili kwa bega mpaka bega likauma. Kisha akasikia, kwa mbali, mtu akigonga sufuria.

Akachukua shoka, akasimama mbele ya wale majogoo.

"Nisamehe, Nikifor," alisema huku akilia. "Yule binti yuko peke yake."

Akaupasua mlango. Akatia makaa ya moto chunguni, akafunga vipande vya mlango huo mgongoni, akachimba njia kwa koleo hadi kwa jirani, akaufukua mlango wake. Pelageya alikuwa sakafuni, uchungu umemshika, kuni zote zikiwa bandani nje.

"Mama Agrafena! Nilidhani bado umenikasirikia."

"Nimekukasirikia, ndiyo. Nishike mkono."

Majogoo wa Nikifor wakawaka jikoni, na mtoto wa kike akazaliwa penye joto.

Wanaume waliporudi, Saveli, mume wa Pelageya, alitaka kumchongea mjane mlango mzuri kuliko wa kwanza.

"Uzuri acha," akasema Agrafena. "Nifanyie wa kuvuta ndani, nikiitwa nitoke."

Saveli akafanya hivyo, kisha akaugeuza na wa kwake, na wengine wakamfuata.

Basi, tokea majira yale hadi leo, Zabolotka ikiwa imebaki na wazee wachache tu, mlango hula nafasi ya chumba na mgeni hujigonga kwenye jiko. Wenyewe hawajali. Theluji na ifike paani: mtu huvuta mlango wake, akashika koleo, akaenda kumjulia hali jirani.