Neno Lililosimamisha Mahema Mtoni

Neno geni halipigiwi kambi. Mmemsikia baba yenu akimwambia mwenzenu Nuru maneno hayo leo, alipotaka kuujibu ujumbe wa Kiingereza kwenye simu huku nusu yake hajauelewa, nanyi mkaja kuniuliza kambi na simu vinahusiana vipi. Basi sogeeni niwaambie mahali methali hii ilipozaliwa. Nilikuwapo, ingawa sikumbuki kitu, maana nilikuwa kitoto cha mgongoni. Haya niliambiwa na mama yangu, Mwasiti, na kila aliposimulia ilimbidi asimame. Akiyafikia maji alishindwa kusimulia akiwa amekaa.

Wakati huo Waingereza walikuwa wakitafuta pa kupitishia barabara upande wa magharibi wa Kondoa. Kikundi cha wapimaji kilitumwa kutangulia, kikiongozwa na mzungu mmoja ambaye wapagazi walimwita Bwana Darubini, kwa kuwa jina lake halisi liliwashinda kutamka na darubini haikumtoka mkononi. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka melini. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "chai", basi. Mnyapara wa wapagazi alikuwa mzee Kidiku, mtu wa Kirangi, mkali kidogo. Na kati ya Bwana na watu wote alisimama mkalimani, Petro Semboja, kijana wa Kibondei aliyesoma misheni. Semboja hakuwa mtu wa majivuno, lakini kazi ilikuwa mpya, na mkalimani mpya huogopa jambo moja kuliko simba: kuonekana hajui.

Baba yangu, Loya, alikuwa mmoja wa wapagazi. Siku ile alikuwa na homa kali ya malaria, hata miguu ilikuwa haimbebi. Mama alikuwa amefuatana naye ili awapikie watu, mimi nikiwa mgongoni.

Asubuhi walifika Mto Ikova. Mwaka mzima Ikova ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mnada. Ukichimba kidogo unapata maji ya kunywa. Walitua mizigo kwenye ukingo wa chini, karibu na mchanga, kwa ajili ya maji hayo. Walisimamisha hema la Bwana, na jingine moja la kumlaza baba yangu. Mahema mengine yalibaki yamefungwa, kwa sababu hakuna aliyejua kama watalala pale au watavuka. Bwana akawaambia wapumzike, kisha akavuka mchanga na kupanda kilima kilichokuwa ng'ambo, na darubini yake, na mti mrefu wenye bendera nyekundu wa kupimia. Alichukua pia bomba la bati la kupazia sauti.

Jua lilikuwa kali. Juu yao hapakuwa na wingu hata la ukubwa wa kanga.

Mara wakasikia sauti kutoka kilimani. Bwana alikuwa amesimama juu ya mwamba, bomba mdomoni. Upepo ulichukua maneno mengi, ukawaletea mawili tu, tena na tena: "Straiki kempu. Straiki kempu." Huku mkono wake mmoja ukizunguka hewani kama wa mtu anayefukuza nyuki.

"Anasemaje?" Kidiku akauliza.

Semboja alilijua neno straiki. Misheni aliambiwa "straiki" kengele, akaipiga. Aliambiwa "straiki" kiberiti, akakipiga. Straiki ni kupiga, na kempu ni kambi. Hakuhitaji hata kufikiri.

"Anasema tupige kambi," akajibu. "Na anataka haraka."

Basi watu wakainuka. Mahema yakafunguliwa, vigingi vikagongwa, kamba zikavutwa. Kule juu Bwana akazidi kupiga kelele na kuzungusha mkono, na kila alivyozungusha ndivyo wao walivyoongeza mwendo. Mama alikuwa akisema hajawahi kuona kambi ikisimama upesi namna ile. Hata magunia ya unga yaliingizwa ndani na kupangwa.

Miongoni mwa wapagazi alikuwamo Mbaruku, aliyewahi kuwa kuli bandarini Tanga. Alikuwa ameshika kamba ya hema, akasita.

"Mkalimani," akasema, "hilo straiki si ndilo lile la bandarini? Tulipogoma, wazungu walituita watu wa straiki. Kule lilikuwa kuacha kazi. Hapa limekuwaje kuanza kazi?"

"Maneno ya Kiingereza yana mambo yake," Semboja akajibu. "Vuta kamba."

Mbaruku akavuta kamba. Lakini neno lake lilikuwa limeshamwingia Semboja kama mwiba wa mgunga, ambao huusikii kwanza, kisha unausikia kila unapokanyaga. Akatoka kati ya mahema, akakinga jua kwa kiganja, akatazama kilimani kwa makini.

Bwana alikuwa ametupa bomba. Sasa ameshika ule mti wa bendera kwa mikono miwili. Akauinua juu, akaubwaga chini. Akauinua tena, akaubwaga tena. Kisha akaonyesha kidole mahema, akaubwaga mti mara nyingine, akaanza kushuka kilima mbio, akianguka na kuinuka.

Mtu anayetaka kambi isimame habwagi mti chini. Semboja akakumbuka kengele, akakumbuka kiberiti, akakumbuka makuli wa Tanga wakiwa wamekaa mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza akakiri moyoni kwamba neno lile alilijua upande mmoja tu.

Akamwendea Kidiku, ambaye alikuwa akikaza kigingi cha mwisho.

"Mzee, tuvunje kambi."

Kidiku akainua kichwa polepole. "Umesema tupige."

"Nimesema. Nimekosea."

"Sasa hivi watu wametoka jasho kwa neno lako. Una hakika gani kwamba hili la pili si kosa?"

"Sina hakika, mzee. Nikiwa nimekosea la pili, mtanicheka kule juu na kurudisha mahema. Nikiwa nimekosea la kwanza, hatakuwapo wa kucheka."

Kidiku alimtazama kijana yule. Mama alisema hapo ndipo kila kitu kiliponing'inia, kwa sababu mnyapara angeweza kumtukana mbele ya watu, na watu wangemfuata mnyapara. Lakini Kidiku alijua kwamba mtu hajitii aibu mbele ya kundi zima bila sababu. Akang'oa kigingi alichokuwa akikikaza.

"Vunjeni," akasema. "Acheni unga. Pandeni juu."

Wakati huo huo mama akasikia mlio. Alidhani ni gari la moshi, ila Ikova haina reli. Ulitoka juu ya mto, mzito, na mchanga ukaanza kutetemeka chini ya nyayo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani, mahali ambapo Bwana aliweza kupaona kwa darubini na wao hawakuweza.

Watu walikimbilia ukingo wa juu. Mama akakimbilia hema la baba. Akamkamata mikono, akamvuta, lakini baba alikuwa mzito wa homa, na mimi mgongoni nikilia. Ndipo turubai likafunguliwa kwa nguvu, Semboja akaingia, akamtupa baba begani kama gunia la mtama.

"Tangulia, shemeji," akamwambia mama. "Usitazame nyuma."

Mama akatangulia, na akatazama nyuma. Aliyaona maji yakija kona ya mto kama ukuta wa udongo mwekundu, yakiwa na miti mizima mbele yake. Semboja alikuwa bado kwenye mteremko, maji yakamshika magoti, kisha kiuno. Kidiku na Mbaruku wakashikana mikono, wakashuka, wakamkamata shati. Shati likachanika. Wakamkamata mkono, wakamvuta yeye na baba yangu hadi kwenye majani.

Walipogeuka, kambi haikuwapo. Hema la Bwana lilipita mbele yao limesimama wima, likielea kama lina mtu ndani, kisha likamezwa.

Bwana alifika ukingo wa ng'ambo amechubuka mwili mzima. Akawahesabu kwa kidole, akarudia kuwahesabu, halafu akakaa chini akaficha uso wake. Maji yaliwatenganisha hadi kesho yake. Lakini jioni ile ile mngurumo wake ulipopungua, wakaweza kusikilizana, na Semboja akamweleza kwa sauti kubwa kwamba Kiswahilini kupiga kambi ni kuisimamisha. Bwana akasema kwamba kwa Kiingereza ni kuiangusha. Mabaharia wa kwao, akaeleza, kushusha tanga waliita straiki, na siku walipokataa kazi walishusha matanga, ndiyo maana mgomo nao ukaitwa hivyo. Tena zamani sana neno lenyewe halikuwa la kupiga kabisa. Lilikuwa la kupitisha mkono juu ya kitu taratibu, kama unavyompapasa paka.

"Kumbe nilikuwa nawaambia mkae mfe," akasema. Semboja alipolitafsiri hilo, alikwenda taratibu, neno kwa neno.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Waliotoka majini walikuwa wamelowa na kutetemeka kwa baridi. Bwana akafunga kiberiti chake kikavu ndani ya ngozi na jiwe, akakirusha ng'ambo, kikaanguka miguuni mwao. Kisha akaweka mikono mdomoni akapaza sauti, "Straiki..."

Hakumaliza. Kundi zima lilisharuka. Mwenye sufuria alishika sufuria, Mbaruku alikuwa keshafika nusu ya mwinuko uliokuwa nyuma yao, na mama alikuwa ameninyakua kichwa chini miguu juu. Hata baba mwenye homa alisimama peke yake.

Kidiku tu ndiye aliyebaki amekaa, akikiangalia kile kiberiti.

"Rudini mkae," akasema. "Semboja, muulize kwanza, straiki ya kufanya nini."

Semboja akauliza. Jibu likaja kupita juu ya maji: kuwasha moto, wapate kujipasha.

Kicheko kilichowashika, mama alisema, kiliwapasha kabla ya moto wenyewe. Na katika kicheko hicho Kidiku akamgeukia Semboja, akampa kiberiti mkononi kwa heshima, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mkuki.

"Kuanzia leo," akasema, "tutauliza kwanza, mwanangu, wewe na sisi pia. Neno geni halipigiwi kambi."