Maneno ya Bi Nyamizi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ile wanyama walipokuwa na simu na sisi watu hatuna hata kibatari, waliishi mzee Kobe na mkewe, Bi Nyamizi. Msinicheke. Simu walikuwa nazo, na chaji walikuwa nayo.

Bi Nyamizi alikuwa msemaji. Akipika anasema, akifagia anasema. Kobe alimpenda mno, akamwambia, "Mke wangu, maneno haya yasipotee. Nitayaandika kwenye simu."

Akatafuta programu ya kuandikia. Jirani yake Kindi, mdogo, mwepesi, mkia juu, akamshauri. "Babu, kila neno liandikie faili la kawaida, ulitie kwenye folda ya kawaida, humo humo simuni mwako. Simu yoyote italifungua."

"Aa! Halina hata ua moja!" alisema Kobe.

Maua yalikuwa kwa Kiboko. Kiboko alikuwa na programu yake, imejaa rangi, ukiifungua inakwambia, "Karibu, mpenzi!" Lakini kila ulichoandika kilikwenda, chubwi! kukaa ndani ya mashine kubwa ya Kiboko, kule dimbwini. Kobe akaichagua hiyo. Nani asiyependa kuitwa mpenzi?

Miaka ikapita. Bi Nyamizi akaugua, akafa.

Baada ya mazishi Kobe alifungua simu asome maneno ya mkewe. Maua yalikuwepo, maneno hayapo. Akajikokota mpaka dimbwini, kwaru, kwaru, kwaru.

"Hodi, Bwana Kiboko! Nimefuata maneno ya mke wangu."

"Yapo," akanguruma Kiboko. "Nimebadilisha utaratibu. Siku hizi yanasomwa hapa hapa kwangu. Keti nikufungulie moja."

"Naomba niondoke nayo yote, bwana."

"Hayatoki!" Maji yakaruka, pwaa! "Mkiondoka nayo, nani atakuja hapa tena?"

Basi ikawa ndiyo hali. Kobe anatoka alfajiri, anafika jioni, anamkuta Kiboko keshalala. Khooo! Khooo! Anarudi mikono mitupu.

Siku moja Kindi alimkuta njiani analia.

"Babu, kuna nini?"

"Mjukuu wangu, nimesahau jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili tu. Limo kule, kwenye maneno yake. Nikifa kabla sijalisoma, je?"

Kindi angeweza kusema, "Si nilikwambia?" Mimi ningesema. Yeye hakusema, alimfuta mzee machozi kwa mkia wake.

"Arobaini ya bibi ni lini?"

"Ijumaa hii."

"Basi tulia, babu. Niachie mimi."

Kindi akaruka mti kwa mti, ruu! ruu! mpaka dimbwini.

"Shikamoo, mheshimiwa!"

"Marahaba. Mheshimiwa nani?"

"Wewe hapo! Kwenye arobaini ya Bi Nyamizi tunataka mgeni rasmi. Kiti cha mbele, kitambaa cheupe, soda yako peke yako. Kazi yako ni kutusomea maneno ya marehemu kwa sauti yako hiyo nzito."

Kiboko akatoa masikio majini. Tangu azaliwe hakuwahi kualikwa popote.

"Mgeni... rasmi?"

"Rasmi kabisa!"

"Nisome yote?"

"Yote, mheshimiwa. Mgeni rasmi hasomi nusu."

Ijumaa ikafika. Kiboko akaja amejipaka mafuta, tai shingoni, mashine mgongoni. Juu ya miti walikaa ndege kwelea, kila mmoja na kisimu chake.

"Wale wanafanya nini?" aliuliza Kiboko.

"Wanakupiga picha, mheshimiwa."

Kiboko akainua kidevu ili atoke vizuri. Uongo ule, wanangu! Maana kila aliposoma neno, kwelea mmoja aliliandika kwenye faili la kawaida. Ti-ti-ti-ti! Akisoma jingine, kwelea mwingine anadaka.

"'Mlenda ukiungua usiukoroge, hamisha sufuria!'"

Ti-ti-ti-ti!

"'Wajukuu wasikatazwe kuimba wakila!'"

Ti-ti-ti-ti!

"'Usiku nikikohoa, Kipepeo wangu huamka kunifunika.'"

"Kipepeo!" Kobe alipiga ukelele. "Ndilo! Aliniita Kipepeo!"

Mzee mzima, na gamba lake lile, Kipepeo! Waliohudhuria wakacheka huku wanalia. Kobe naye akacheka, akalia, akalirudia jina lile polepole.

Kiboko akafungua neno la mwisho. Akalegeza tai yake.

"Mbona husomi, mheshimiwa?" aliuliza Kindi.

"Hili... hili linanihusu mimi."

"Soma tu."

Sauti yake ikawa ndogo. "'Kiboko apelekewe magimbi. Anafoka vile kwa sababu hana anayemtembelea.'"

Chozi likamdondoka, tone! juu ya tai. Kule mtini kwelea aliandika taratibu, ti... ti... ti...

Kindi akapiga mluzi, fyuu! Kwelea wote wakatuma mafaili yao kwenye simu ya Kobe, yakaingia ndani ya folda moja iliyoandikwa Bi Nyamizi. Kobe akagusa moja, likafunguka. Kobe mmoja mdogo, mjukuu wake, akagusa jingine kwenye kisimu chake kibovu, nalo likafunguka.

"Kumbe mmeninyang'anya!" akafoka Kiboko.

"Umetusomea mwenyewe," alisema Kindi. "Na ya kwako bado unayo."

"Basi ndiyo mwisho. Sasa hamtakuja tena." Akajitwika mashine yake, akaondoka. Hata soda hakuimaliza.

Kesho yake alfajiri Kobe akatoka, kwaru, kwaru, kwaru. Alifika dimbwini jioni. Safari hii Kiboko hakuwa amelala.

"Umefuata nini?" aliuliza Kiboko. "Maneno yako yote unayo."

"Nimekufuata wewe, bwana. Nimekuletea magimbi."

Kiboko akamtazama sana. Kisha akasogea pembeni, akampisha mahali pakavu pa kukaa.

Nami nawaambia hivi, wanangu: neno unalolipenda liweke mahali utakapoweza kulifungua mwenyewe, na rafiki mtembelee hata kama hakuna kitu chako alichokifungia kwake.