Ubao Mama na Zeze la Mzee Chidawali

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi ya kuwapa. Iliwashinda wazee wa kijiji kimoja upande wa Mpwapwa, watu waliozoea kumaliza magomvi ya mipaka na mahari kabla uji haujapoa.

Palikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Elieza, na kipaji chake kilikuwa kuchagua. Mpe gunia la karanga, atakutolea mbovu zote, ila hataharakishwa na mtu. Wa pili ni Stefano Ndahani, fundi wa redio na spika, na kipaji chake kilikuwa mikono. Kitu kilichowafia wengine, kwake kilikohoa kikaamka. Wa tatu ni Damari, dada yake Elieza, na kipaji chake kilikuwa masikio. Akiwa ndani alijua ni mbuzi yupi anayeumwa zizini, na kwa mlio wa hatua alijua kama mgeni analeta heri au msiba.

Baba yao Elieza na Damari aliitwa Mzee Chidawali. Alikuwa mpiga zeze, na kazi yake ilikuwa kuwaimbia wafu. Kabla jeneza halijashushwa alisimama ukingoni mwa kaburi, akaita jina la marehemu, la baba yake na la babu yake, mpaka waliobaki wakaona kwamba mtu wao hakutupwa, amesindikizwa. Stefano hakuwa ndugu, lakini ndiye aliyembebea zeze tangu ujana wake, na mzee alimwita mwanangu.

Ikaja siku sauti ya mzee ikaanza kukwaruza. Wakadhani ni vumbi la kiangazi. Damari hakudhani hivyo, kwa kuwa alisikia kitu kigumu ndani ya pumzi ya baba yake, kama punje iliyokwama kwenye filimbi. Alimpeleka hospitali, na madaktari wakasema ni saratani ya koo. Wangemkata na kuondoa kisanduku chote cha sauti. Angeweza kuishi, akipumua kwa tundu shingoni, lakini hangesema tena wala kuimba. Wakampa tarehe.

Wakarudi nyumbani. Damari alipomwekea maji ya kunawa ndipo mzee aliposema.

"Nimewaimbia wote, mama. Mimi ataniimbia nani?"

Kesho yake mzee alitoa jibu mwenyewe: angejiimbia kabla ya kukatwa, sauti ihifadhiwe, na siku ya kuzikwa kwake ipigwe kaburini.

Walijaribu simu kwanza. Stefano akaunganisha simu ile na spika zake kubwa, akazielekeza uwanjani, na sauti ya mzee ikatoka kama mende ndani ya kopo. Mzee akatikisa kichwa, akasema huyo si yeye. Kumpeleka studio mjini hakukuwezekana, maana koo lilikuwa linamfungukia kidogo tu asubuhi, baada ya uji na dawa, kisha linafunga, na hakuna aliyejua ni asubuhi ipi litafunguka. Mashine ilipaswa kuwa pale pale nyumbani, ikimngoja.

Elieza alikuwa akiishi Dodoma mjini. Alikuwa na kadi nzuri ya kurekodia, iliyobaki pale studio aliyowahi kufanyia kazi ilipofungwa. Lakini kadi peke yake ni sawa na ulimi bila kichwa. Inahitaji kompyuta, na kompyuta huanzia kwenye ubao mama, ule mafundi wanaouita mazabodi, ambao kila kiungo huchomekwa juu yake. Ubao ukiwa mbaya, hakuna kiungo kitakachokuwa kizima.

Sikieni alichofanya Elieza. Alikwenda duka la kwanza, akaonyeshwa ubao mpya unaowaka taa za rangi, na muuzaji akausifu kama bibi harusi. Elieza akauinamia. Ulikuwa na feni yake ndogo, na feni hulia. Tena haukuwa na tundu refu la kuingizia kadi ile ya zamani. Akaurudisha. Duka la pili wakampa wa bei nafuu, wenye sehemu yake ya sauti humo humo, wakamwambia kadi ya nini tena. Akaujaribu kwa maikrofoni, akasikia mchakacho wa umeme kama mchanga unaopepetwa. Akaurudisha huo nao. Akazunguka mji, akaandikia watu wa Morogoro na Singida, akauliza, akangoja majibu.

Huko nyumbani mzee alikuwa anapungua. Asubuhi moja aliinua sauti kwenda juu, pale anapoita jina la babu, na sauti haikufika. Akajaribu tena. Akalaza zeze mapajani, akatazama mlango. Damari akampigia mdogo wake simu.

"Baba anaisha, Elieza. Wewe unachagua."

"Dada, nikikosea hapa hakuna mara ya pili," Elieza akajibu.

Hatimaye aliupata kwa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu: ubao wa zamani, wa rangi ya kahawia, hauna taa hata moja, hauna feni, una tundu refu, na unakaa baridi kama chungu cha maji. Akaununua, akapanda nao basi hadi nyumbani akiwa ameupakata kama mtoto. Wakaunga kompyuta pamoja na Stefano, wakarekodi maneno machache, wakayapiga kwa spika kubwa. Mzee akafumba macho akasikiliza. Akasema, "Huyo ni mimi." Ila zile sauti za juu alizokuwa nazo Elieza alipoanza kuchagua hazikurudi tena.

Sikieni alichofanya Stefano. Kabla koo la mzee halijafunguka, umeme ulikatika kijijini, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Kompyuta ikazimika, ikagoma kuwaka. Walipoifungua waliona juu ya ubao mama kapasita kadhaa, vile vidumu vidogo vya kutunza umeme, zimevimba na kupasuka vichwa. Ubao mwingine wa namna ile haukuwepo, na Elieza aliyejua hivyo kuliko wote alitoka nje akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akiwa ameshika kichwa.

Stefano alikwenda nyumbani kwake, akarudi na mashine yake ya kuchanganyia sauti. Ile ndiyo iliyomlisha. Aliikodisha harusini na kwenye mikutano ya injili, na msimu wa harusi ulikuwa unakaribia. Akaifungua, akazing'oa kapasita zenye nguvu sawa na zile zilizopasuka. Umeme ulikuwa umekatika tena, kwa hiyo chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia viungo alikipasha kwenye jiko la mkaa, akichomeka na kuchomoa, akipuliza jivu. Umeme uliporudi, kompyuta ikawaka.

Mashine yake mwenyewe haikuwaka tena. Mkewe aliiona imelala wazi mezani. Harusi zilipoanza na wateja wakaenda kwa mtu mwingine, alifunga nguo zake akarudi kwao Kongwa, na mpaka leo yuko huko.

Sasa sikieni alichofanya Damari. Asubuhi moja koo la mzee lilifunguka. Majirani wakaambiwa wasitwange, mbuzi wakapelekwa mbali, na mzee akaimba wimbo wake wote, jina lake, la baba yake na la babu yake. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho. Elieza na Stefano wakakumbatiana. Damari akavaa visikilizio vya masikioni akasikiliza, kisha akavivua.

"Kuna mbu," akasema.

Wakasikiliza wao, hawakusikia kitu. Wakamwambia amechoka, ni wasiwasi wa kuuguza. Damari akasema chini ya sauti ya baba kuna mlio mwembamba, na kila kishale cha kompyuta kinapotembea kwenye kioo mlio unabadilika. Kwenye visikilizio ulisikika kwa mbali, lakini kwenye spika kubwa utamla baba mzima mzima. Wakaipiga kwa spika kubwa. Mlio ukasikika mpaka kisimani.

Damari akaweka kiganja juu ya kasha la kompyuta na kuwaambia walegeze skrubu za ubao mama moja baada ya nyingine, yeye akisikiliza. Ilipolegezwa ya pembeni, mbu akanyamaza. Wakaunyanyua ubao. Chini yake palikuwa na kiguu cha shaba, kile cha kuubebea ubao, kimefungwa mahali ambapo ubao hauna tundu la skrubu, kikiugusa kwa nyuma. Stefano ndiye aliyekiweka siku ile alipourudisha ubao ndani ya kasha. Akakichomoa, akakiangalia kiganjani, akakitia mfukoni.

Mashine sasa ilikuwa safi. Wimbo haukuwa safi, kwa kuwa mbu alishaingia ndani yake wakati wa kurekodi, na mwimbaji alikuwa amelala hoi.

Elieza alisema watajaribu kuusafisha hivyo hivyo. Stefano alisema mzee asiguswe. Damari ndiye aliyekwenda kitandani. Aliisikiliza pumzi ya baba yake, akajua ndani ya koo lile umebaki wimbo mmoja, na pengine usibaki hata huo. Akamweleza kila kitu. Mzee akamgeukia.

"Kama uamuzi ni wako, ungeniambia niimbe?"

"Ningekwambia, baba."

Akaimba. Aliimba kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza, na mkiwauliza waliokuwepo watawaambia ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Alipofika kwenye jina la babu akakohoa, Damari akaona damu kwenye kidevu. Angeweza kuinua mkono kumsimamisha. Hakuinua. Mzee akamaliza ubeti, akainama, damu ikaanza kumwagika kwenye zeze.

Walimkimbiza hospitali, akakatwa kabla ya tarehe yake. Daktari alimwambia Damari kwamba uvimbe ungevuja damu tu, leo au kesho. Damari alimshukuru, lakini hakumwamini, na usiku mwingi tangu hapo hakuamini.

Mzee Chidawali aliishi kimya mvua moja na kiangazi kimoja. Hakuwahi kujifunza kuandika, kwa hiyo alisema kwa mikono na macho. Saratani iliporudi mapafuni, mdogo wake, Mzee Mhembano, aliita watu wa nyumbani. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ukutani, imefunikwa khanga. Elieza, Stefano na Damari walisimama mbele ya meza hiyo, bega kwa bega, kwani chumba kilikuwa kidogo.

Mzee Mhembano akamwinamia. "Kaka, zeze haligawanyiki. Unamwachia nani?"

Mgonjwa akanyoosha kidole. Hakumnyooshea Elieza, wala Stefano, wala Damari. Kidole kilipita katikati yao kikaelekea kwenye kompyuta.

"Nani kati ya hawa, kaka?"

Kidole kikainuka tena, kikaelekea pale pale. Damari alipiga magoti, akakishika kile kidole, akamwomba kwa sauti ya chini amwonyeshe mtu, asimwonyeshe kitu. Mzee akafumba macho. Hakuyafumbua mpaka alipokata roho siku ya pili.

Kaburini waliweka spika zile kubwa. Sauti ikatoka juu ya udongo mwekundu, nzima, bila mbu, bila mchanga, na watu waliomjua wakageuka kutazama nyuma yao kana kwamba atakuja akitembea. Aliita jina lake, la baba yake, na la babu yake. Watu walilia kwa faraja. Damari peke yake alikisikia kile kikohozi na kimya kifupi baada yake, na mahali hapo alishika mchanga kwa mikono yote miwili.

Matanga yalipoanuliwa wazee waliketi kuamua. Elieza akasema baba alionyesha kompyuta, na kompyuta ni ubao mama, na ubao ule ni yeye aliyekataa nyingine zote mpaka akaupata. Bila huo kaburini pangelia mende. Stefano akasema ubao uliochaguliwa ulikufa, na uliokuwa mezani siku ile ulikuwa unaishi kwa moyo alioung'oa kwenye mashine yake mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba yeye hana baba mwingine.

Wakamgeukia Damari. Akasema wao walitengeneza mashine, lakini sauti iliyomo ndani yake ni ile aliyoitaka yeye kwa masikio yake, na ameilipia. Akasema halitaki zeze. Wazee walipotaka kumpita, akasema pia kwamba hawezi kuona likipewa mtu mwingine.

Mzee mmoja alinong'ona kwamba Elieza alikawia, kwa hiyo sauti za juu zikapotea. Mwingine akasema Stefano aliacha kiguu cha shaba, na kwa kosa hilo mgonjwa akaimba mara mbili. Wa tatu akasema Damari hakuinua mkono. Wakaona kila mmoja ana haki, na kila mmoja ana damu kidogo.

Jua lilizama wangali wamekaa. Zeze lilikuwa juu ya mkeka, na hakuna aliyeligusa.

Mimi sikukaa kikao kile, nami sitajifanya najua kuliko waliokaa. Ila ninyi mmesikia yote, na mna vichwa. Haya, kidole cha Mzee Chidawali kilikuwa kinamwonyesha nani? Na kama zeze lingewekwa mikononi mwako sasa hivi, ungenyanyuka nalo umpelekee yupi?