Asante ya Maji

Haki ukiishukuru, huwa hisani. Mnacheka, eti bibi kawakaripia bure. Mmetoka ofisini na vitambulisho vyenu, mmemshukuru karani hadi mkainama, utadhani kawapa mbuzi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Upareni, mfereji wa juu ulichimbwa na wazee wetu. Kila nyumba ilitoa mtu na jembe, na kila aliyechimba alikuwa na zamu yake ya maji. Jumbe kazi yake ilikuwa kufungua ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji, basi.

Lakini sisi na adabu zetu! Zamu ikifika, mtu alimpelekea jumbe kibuyu cha pombe, akasema asante kwa maji. Mama yangu, Nakijwa, hakukosa hata mara moja.

Ukaja mwaka wa ukame. Jumbe akayageuzia maji yote kwenye kahawa yake mpya. Mahindi ya mama ndiyo kwanza yanabeba, na watoto tulikuwa watano. Mama akaenda kushtaki barazani, mbele ya hakimu aliyetoka bomani. Akaeleza kwamba maji ni haki yake, kwani baba yake alichimba. Jumbe hakubisha. Aliuliza tu.

"Nakijwa, nilipokufungulia maji ulikuwa ukisema nini?"

"Nilisema asante, jumbe."

"Mtu hushukuru kwa kilicho chake?"

Mama akawageukia wazee. Wazee nao wakainamisha vichwa, maana hakuna ambaye hakuwahi kupeleka kibuyu. Hakimu akaandika kwamba maji yale ni hisani ya jumbe, na hisani hailazimishwi.

Mahindi yakakauka. Mdogo wangu Naetwe hakufika mavuno yaliyofuata. Inaniuma mpaka leo. Mama aliishi miaka mingi baadaye, lakini neno asante hakulitamka tena. Hata siku nilipompa maji yake ya mwisho, alikunywa, akanirudishia kikombe kimya.

Hizo mnazoziita haki za kiraia ndizo hizo: kilicho chako kwa kuwa wewe ni mtu wa hapa, si kwa kuwa mwenye ofisi ana moyo mzuri. Maji yetu hayajarudi, na sidhani yatarudi. Haki zenu nazo sijui kama zitakaa, maana mmeshainama tayari. Haki ukiishukuru, huwa hisani.