Komeo la Shemdoe

Komeo la gereza hulala sokoni. Vijana, mmeisikia methali hiyo leo kwenye kesi ya mifugo, mkaniuliza ni komeo gani na soko lipi. Kaeni niwaambie ilikotoka, na msinikatize.

Mji wa Kwembago ulikuwa na jumbe aitwaye Mdoembazi. Siku ya kutawazwa kwake aliapa sokoni kwamba hatafungwa mtu kabla kosa lake halijatajwa mbele ya watu. Watu wakaridhika, wakarudi mashambani. Lakini kiapo kisicho na mlinzi ni maneno tu, na maneno hayana meno. Mwaka haukuisha, watu wakaanza kutoweka.

Mlinzi wa gereza alikuwa Shemdoe. Gereza lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mawe, mlango wa mvule, na komeo la mti mgumu lenye urefu wa mtu, lililopachikwa kwa nje. Askari wakileta mtu, Shemdoe hupachika komeo. Hakuuliza. Alikuwa na watoto wanne, na alijua mle ndani nafasi bado ipo.

Siku moja wakamleta Nakiete, mfinyanzi aliyemfinyangia mke wa Shemdoe vyungu vya arusi.

"Shemdoe, mwanangu, nimekosa nini?"

Shemdoe akapachika komeo. Kisha akaenda kwa Jumbe.

"Jumbe, yule mama kosa lake nini? Watu wakiniuliza niwajibu vipi?"

Jumbe alikuwa anakula ndizi. Hakuinua macho. "Kazi yako ni komeo. Maswali ni kazi ya nani?"

"Sijui, Jumbe."

"Nakiete naye alianza hivyo hivyo. Nenda."

Shemdoe alirudi nyumbani. Kila aliyekohoa nyuma yake alimdhania askari. Mkewe alimwekea chakula, mkono ukakataa kumega tonge. Akawahesabu waliomo gerezani: tisa. Akamtafuta wa kumi, akajiona mwenyewe. Kisha likamjia wazo lililomtisha zaidi: siku hiyo ikifika, nani atamwulizia, ikiwa yeye hakuwaulizia hao tisa?

Asubuhi ya siku ya soko alichomoa komeo. Mlango ukafunguka wenyewe, lakini hakutoka mtu. Walikaa wakiutazama mwanga kama mtego. Shemdoe akalitia komeo begani, akashuka nalo sokoni. Watu walipoliona walimpisha, akina mama wakawavuta watoto wao.

Akalitua katikati. "Nimefunga watu tisa kwa komeo hili," alisema. "Nitawataja. Anayejua kosa la mmoja wao, aseme."

Akawataja jina kwa jina. Kila mmoja alitazama miguu yake, na Shemdoe akajua amekwisha.

Ndipo Namsifu, mwanamke muuza chumvi, akaacha vikapu vyake akaja kulikalia lile komeo. "Miguu inaniuma," alisema. Akaja mwingine, na mwingine. Komeo lilipojaa, waliobaki wakasimama kulizunguka.

Jumbe akafika na askari wake. "Leteni komeo langu!"

"Tutajieni kwanza makosa ya wale tisa," alisema Namsifu. "Ni haki yao."

"Haki hiyo nani kawapa? Mimi ndiye ninayetoa, na mimi ndiye ninayenyang'anya!"

"Hukutupa wewe, baba. Tulipatana sisi, tukakukabidhi uilinde. Mchungaji wa ng'ombe za watu hawaambii wenyewe kwamba amewapa ng'ombe."

Jumbe akamwashiria askari wa mbele. Kijana yule akainua rungu.

"Anza na mimi, Shekiondo," alisema Namsifu. "Mimi shangazi yako nimekuogesha. Kichwa chako nakijua kilivyo kigumu, changu hujakijaribu."

Hakucheka mtu. Rungu lilikaa juu. Kisha likashuka polepole, halikumpiga yeyote.

Wanane walitoka gerezani kwa miguu yao. Wa tisa, mzee Mbonea, alibebwa, na hakuliona jua la kesho yake. Kwa hiyo msije mkasema ilikuwa rahisi.

Jumbe aliachiwa kiti kwa sharti: komeo lisirudi kwake. Anayetaka kufunga mtu, awe jumbe au awe nani, aje sokoni alitake, ataje jina na kosa, na mshitakiwa ajibu watu wakisikia. Wakimkatalia, arudi mikono mitupu. Na Jumbe mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuweka askari wa kulilinda. Wa kwanza kuwekwa alikuwa Shekiondo.

Shemdoe aliendelea na kazi yake. Hofu haikumtoka mpaka uzeeni. Lakini askari yeyote aliyemletea mtu, alimwuliza kwanza: "Umepitia sokoni?"

Basi, siku mkisikia jirani kachukuliwa na kosa lake halijulikani, nendeni mkaulize, hata kama magoti yanagongana. Komeo la gereza hulala sokoni.